Redio Koli Gani ya Kubeba Tukitoka na Watoto?

Maswali ya redio za kuongea yamejaa kwa meza yetu wiki hizi, zile wengine mnaita woki-toki na wengine redio koli, na najua ni kwa nini, shule zikikaribia kufunga kila mtu anatafuta pahali pa kupeleka watoto. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nitaikalia sana kwa sababu ukiielewa hiyo zile zingine zinakuwa rahisi.

SWALI: Habari zenu. Sisi ni watu sita, mimi na mzee, watoto watatu wa miaka 14, 11 na 7, na shosho yao ambaye hakubali kuachwa nyumbani. Jumapili tunapenda Karura, wakubwa wanakodi baiskeli wanaenda mbele, sisi tunafuata polepole na shosho. Mwezi jana kijana alisema anazunguka dakika ishirini tu, simu ikamzimikia, tukamtafuta saa moja na nusu, nililia mbele ya watu. Likizo tunataka kwenda Hell's Gate. Nimeenda Luthuli Avenue nikaonyeshwa redio imeandikwa kilomita 35 na ingine kilomita 5, na ile ya 35 bei yake ni kama mara mbili. Nichukue gani? Mama wa Watatu, Donholm.

JIBU: Mama Watatu, pole sana. Hiyo saa moja na nusu mzazi huwa anatembea na miguu ambayo hata si yake. Nashukuru kijana alirudi.

Sasa, hiyo namba ya kilomita kwa boksi usiilipie hata shilingi moja. Redio ya mkono inatuma sauti kwa mstari ulionyooka, karibu na vile jicho linaona, kwa hivyo kitu chenye kinaziba macho, mlima, jengo la mawe, msitu mzito, kinaziba sauti pia ama kinaipunguza nguvu. Mtu mzima akisimama kwa uwanja tambarare kabisa, mwisho wa macho yake ni kilomita 4 na kitu hivi, baada ya hapo dunia yenyewe inajipinda, kwa hivyo watu wawili wamesimama na redio mkononi wanaweza kusikizana labda kilomita 8 au 9, na hapo ni kama hakuna hata mti mmoja katikati yao. Hiyo 35 inatoka wapi basi? Inatoka kwa mtu mmoja akiwa juu ya mlima na mwenzake yuko bondeni mbele yake, hewa tupu katikati. Karura si hivyo. Karura ni miti na mabonde ya mito, pangia kilomita moja, ukipata moja na nusu ushukuru.

Wacha nikueleze ya Longonot maana hapo ndipo mimi hii kitu iliniingia. Tulipanda familia mbili, tukafika ukingoni tukagawanyika, vijana wakaenda kuzunguka ile njia ya juu ambayo ni kilomita 7 na kidogo, sisi wazee tukabaki tunakula ndizi. Walipofika ng'ambo ya kreta ulikuwa unaona tu vidoti vya rangi vinatembea, na redio zetu zilikuwa ndogo za nusu wati, lakini sauti ilikuja safi kama mtu amekaa kando yangu, mpaka nikawa nasikia upepo unapiga jaketi yake. Halafu shemeji yangu akaamua kushuka mapema kurudi getini, hajafika hata mita mia nne chini ya ukingo, kimya, unaita unaita, hakuna. Yule wa mbali tunaongea naye, huyu wa karibu ametupotea, kwa sababu katikati yetu na vijana kulikuwa na hewa na katikati yetu na shemeji kulikuwa na mlima. Ngong Hills ni vilevile, ukiwa kwa kilele na mwenzako ako kwa kilele kingine mnaongea vizuri, mmoja akishuka pale katikati ya vilima viwili anapotea, akipanda tena anarudi. Kwa hivyo usichague redio kabla hujachagua pahali mnaenda.

Muuzaji atakushika pia na wati. Atakuambia hii ni wati 5 na ile ni nusu wati, kwa hivyo hii ni mara kumi. Nguvu ni mara kumi ndio, lakini umbali hauendi mara kumi, kwa msitu tofauti utaiona lakini ni ndogo kuliko vile unafikiria, na betri ndiyo inalipa. Antena nzuri iliyosimama wima inakusaidia kuliko wati za kuongeza. Wengi huwa wanailaza redio kama simu, mdomo huku antena imeelekea chini, halafu wanalalamika.

Kuna jambo la masafa pia, si umbali, ni zile namba za MHz redio inaongea nazo, na ziko makundi mawili, VHF na UHF. Kwa redio hizi za biashara VHF ni zile za 136 mpaka 174 MHz, UHF ni za 400 kwenda juu. VHF inafanya vizuri pahali wazi, UHF inapenya vizuri zaidi kwa majengo na antena yake ni fupi haimchomi mtoto jicho, ingawa kwa miti inapungua nguvu kuliko VHF. Kwa familia ya Karura na Hell's Gate, kwa umbali mfupi kama wenu, bado chukua UHF.

Gani sasa? Mimi ningeangalia ile redio ambayo shosho na wa miaka 7 wanaweza kutumia bila kukuita. Kuna ile ndogo nyeusi utaiona kwa mlinzi wa geti, Baofeng BF-888S, haina skrini, ina kifundo kimoja juu cha kuzungusha, cha kuwasha na sauti, na kingine cha chaneli 16, na ukizungusha hicho cha chaneli kuna sauti ya mwanamke inakutajia namba, mwambie muuzaji aiweke kwa Kiingereza maana saa ingine inakuja ikiongea Kichina. Kwa shosho ambaye macho yamepungua hiyo sauti ni msaada mkubwa, hahitaji kusoma kitu. Ndugu yake, UV-5R, ina skrini na vitufe vya namba na menyu ndefu, mimi naipenda kwa kazi zangu, lakini mtoto akibonyeza vibaya anajikuta kwa masafa ya watu wengine kabisa na hamtampata tena. Hiyo usimpe mtoto. Usiende kwa malipo kabla hujasoma jibu la tatu hapa chini, linahusu leseni na linagusa redio hizi zote mbili.

Nunua tatu, si mbili. Moja ya kijana, moja yako, moja ya mzee, na zote ziwe aina moja kutoka duka moja, zimewekwa chaneli sawa, kwa sababu kuchanganya aina ndiko kunaleta ile ya "mimi nakusikia wewe hunisikii". Na ujaribu kabla hujalipa. Muuzaji abaki dukani na moja, wewe toka na ingine utembee mpaka River Road huku mnaongea, zile nyumba za mawe za mjini ni ngumu kuliko miti, kama unamsikia hapo vizuri Karura haitakusumbua.

Betri nayo uiulize vizuri. Mimi niliuziwa pea moja mjini, nikaambiwa betri inashika siku mbili, saa tano asubuhi zote mbili zikawa zinapiga ile mlio ya kufa, na tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia. Tangu siku hiyo redio mpya naichaji usiku, naiacha imewaka nyumbani Jumamosi nzima, watoto wanaongea nayo kutoka jikoni mpaka nje, nione inazima saa ngapi. Kama kuna ya kutumia betri ndogo za kawaida za duka, hizo AA, iangalie pia, maana Naivasha kila kioski kinaziuza na chaja huko porini hakuna.

Na Karura kuna kitu kitakusaidia kuliko redio yenyewe, zile njia zikikutana kuna kibao chenye namba. Mfundishe kijana akiita asiseme "niko kwa miti mingi", aseme namba ya kibao cha mwisho amepita. Wewe uko na ramani ya pale getini, unaweka kidole, umemjua.

Hell's Gate kwa zile njia za baiskeli redio itafanya vizuri kwa sababu ni bonde wazi. Lakini kule chini kwa korongo kuta za mawe zinakata sauti, kona moja tu na mwenzako amepotea, kwa hivyo huko msigawanyike hata kama kila mmoja ana redio yake. Na muulize askari wa KWS, wale wa wanyamapori, kama kuna mvua pande za juu. Septemba 2019 maji yalishuka ghafla kwa lile korongo yakaua watu, familia zilikuwa zimetoka tu kutembea kama nyinyi. Huyo askari akisema msishuke, msishuke.

SWALI: Ndugu yangu anakuja Desemba kutoka Marekani, ameona pakiti ya redio nne na chaja yake ya mezani, ziko na chaneli za hali ya hewa pia. Alete? Baba Pacha, Syokimau.

JIBU: Baba Pacha, mwambie angoje kidogo. Hizo za familia za kule ziko kwa mpango wao unaitwa FRS, na mwingine GMRS, masafa ya 462 mpaka 467 MHz, na ruhusa ya kuzitumia wamepewa na serikali ya Marekani kwa watu walioko Marekani. Ukishuka JKIA ruhusa hiyo imebaki kule. Chaneli za hali ya hewa nazo zinapokea matangazo ya NOAA, shirika lao la hali ya hewa, huku utasikia mvumo tu, kwa hivyo usimlipe mtu pesa ya kitu ambacho hakitawahi kuongea.

Ya kukuumiza kabisa ni chaja. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 240. Mwambie aigeuze chaja asome nyuma, kama imeandikwa 100-240V iko sawa utatafuta adapta ya plagi tu, kama imeandikwa 120V peke yake ukiichomeka kwa soketi ya Syokimau inaungua siku hiyo hiyo. Za kuchajiwa na waya wa USB ziko salama, unatumia kichwa cha simu yako.

Na kama una mwingine Uingereza naye anataka kuleta, ajue za Ulaya ni PMR446, zinaongea kwa 446 MHz, chaneli 16, nusu wati. Hazitasikizana na za Marekani hata ukiziweka kwa meza moja.

SWALI: Jirani ameniambia naweza kushikwa nikipatikana na redio koli. Ni kweli ama ananitisha? Msomaji, Kahawa West.

JIBU: Hakutishi bure. Mitambo ya redio iko chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, na anayeisimamia ni Mamlaka ya Mawasiliano, wale CA. Kwa jumla kutumia masafa kunataka leseni, na wao ndio husema kifaa gani kidogo cha nguvu ndogo kimeachiliwa na kipi hakijaachiliwa, na kifaa chenyewe kinafaa kuwa kimeidhinishwa nao. Kwa hivyo kabla hujanunua andika jina la redio na modeli yake, masafa yake na wati zake, vitu vinne tu kwa karatasi, uende ofisini kwao pale Waiyaki Way au uwaandikie, uwaulize hii naweza tumia na familia na ninahitaji nini. Redio zenye zinaweza kuwekwa kwa masafa yoyote ndizo za kuuliza zaidi. Usikubali "hii kila mtu anatumia" ya dukani, muuzaji hatakuwa na wewe siku ya kuulizwa.

Na hii naiweka na uzito, hata ukiwa na ruhusa usizungushe ukitafuta chaneli "tupu" ukaanza kuongea. Ukimya haimaanishi hakuna mwenyewe. Inaweza kuwa ni ya ambulensi ama walinzi wamenyamaza tu kwa sababu saa hiyo hakuna shida, na shida ikitokea wewe uko katikati unamuuliza mtoto kama amekula.

SWALI: Nimeona redio ya laini, unaweka kadi ya simu ndani, wanasema inafika kilomita 5000. Si hiyo ndio mwisho wa maneno? Mtu wa Kasarani.

JIBU: Hiyo ni simu iliyovaa nguo za redio. Sauti yako inatoka kwa kifaa inaenda kwa mlingoti wa mtandao wa simu, inapita kwa intaneti, inashukia mlingoti mwingine kwa mwenzako. Ndio maana inafika hata Mombasa. Ukiwa Nairobi mpaka Nakuru barabarani ni kitu kizuri sana, siikatai, lakini pahali simu haina netiwaki na yenyewe haina, na watu wengi wanatafuta redio kwa sababu ya mahali kama hapo. Pia kuna bando la kila mwezi na saa ingine ada ya huduma ambayo hukuambiwa, uliza hiyo kabla hujalipa. Kama mnaenda pahali netiwaki iko, si lazima hata uinunue, kuna programu za simu kama Zello zinafanya kazi hiyo hiyo, unabonyeza unaongea.

SWALI: Desemba tunaenda ushago Kakamega na magari matatu. Tulikuwa tunapigiana simu mwaka jana ikawa shida, mmoja akipitwa na wengine hajui wamesimama wapi. Redio zinaweza saidia? Kifungua Mimba, Umoja.

JIBU: Zinasaidia sana mkikaa karibu. Gari ni sanduku la chuma, redio ya mkono ikiwa ndani sauti inatoka kwa vioo tu, kwa hivyo mkipita kilomita moja ama mbili katikati yenu mtaanza kupotezana, na kwa zile kona za kushuka Mai Mahiu hata kabla ya hapo. Kuna antena ndogo yenye sumaku, inashikwa juu ya paa na waya unapita mlangoni, inaongeza umbali vizuri, lakini uhakikishe kichwa cha waya kinaingia kwa redio yako maana ziko aina tofauti, na zile redio ndogo ambazo antena yake haitoki hazikubali hiyo kitu kabisa.

Dereva asishike redio. Anayekaa kiti cha mbele ndiye wa kuongea, na huyo asilale. Gari la nyuma lipewe mtu mzima mwenye akili iliyotulia kwa sababu yeye ndiye anaona mwenye amepata pancha, na kabla hamjatoka Umoja mkubaliane, mkipotezana kwa redio kila mtu anaendelea mpaka pahali fulani mlipopataja, tuseme stesheni fulani ya mafuta Nakuru, mnangojana hapo. Hakuna kurudi nyuma kutafuta mtu.

Na msisome majina na namba za nyumba kwa redio. Zile "code" za siri zilizoandikwa kwa boksi la redio, wanasema 38 ama 121, hazifichi kitu, zinazuia tu wewe usisikie wengine. Wengine wanakusikia vizuri. Kwa hivyo ile ya "nyumba tumeiachia nani?" muulizane mkisimama kwa chai.

SWALI: Sisi tulishanunua, ziko nne. Watoto wanaongea wote pamoja hakuna kinachosikika, na mama mkwe anabonyeza anaongea nusu, anaachilia, tunasikia tu "...na mimi niko hapa". Hapa ni wapi? Dada wa Rongai.

JIBU: Dada, redio hizi anaongea mmoja kwa wakati, mwingine akibonyeza na yeye mnazibana na kila mtu anasikia kelele. Simu imetuzoesha kukatizana, na hapa haiwezekani. Fanyeni mazoezi nyumbani, mmoja jikoni, mmoja kwa ngazi, mmoja nje, jioni tatu zinatosha, watoto wataona ni mchezo na watashika haraka kuliko nyinyi.

Unaanza na jina la unayemwita, halafu lako, ndio useme. "Shosho, ni mimi Tatu, niko kwa maji." Ukimaliza unasema "nimemaliza" ndio mwenzako ajue ni zamu yake. Redio iwe kama upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, sauti ya kawaida, ukipiga kelele inakwaruza. Na muwe na saa, kila nusu saa mkubwa anaita wote kwa majina, asiyejibu mara mbili kila mtu anasimama pahali yuko. Mtoto akiona haitikiwi asianze kutafuta, asimame kwa njia, mahali pameinuka kidogo kama papo karibu, na aendelee kuita, juu saa ingine kupanda hatua ishirini tu kunarudisha sauti.

Mama mkwe shida yake ni moja, na wengi tunayo. Ukibonyeza, redio inachukua kama nusu sekunde kabla ianze kutuma, kwa hivyo neno la kwanza linaliwa, na ukiachilia ukiwa bado kwa neno la mwisho nalo linaliwa. Mwambie abonyeze, ahesabu moja kimoyomoyo, aongee, ahesabu moja tena, ndio aachilie. Mwekee alama ya rangi ya kucha kwa kile kitufe cha kuongea, karibu nacho kuna vidogo vingine vya tochi na vinginevyo, asivikoroge. Na kabla hamjaachana muulize anaona nini mbele yake, aseme hicho badala ya "hapa". Kiosk ya maji, benchi ya kijani, mti ulioanguka. Yeye mwenyewe atajua cha kusema.